Barua ya wazi kwa kamati yetu ya maji: tuonyesheni daftari la klorini

Kwa: Mwenyekiti, Katibu na Wajumbe wa Kamati,
Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii,
Skimu ya kisima kirefu, kandokando ya Ziwa Victoria, Mkoa wa Mwanza.

Nakala: Ofisi ya maji ya wilaya, Serikali ya Kijiji, Mganga Mfawidhi wa zahanati, Walimu Wakuu wa shule zinazotumia maji haya.

YAH: USALAMA WA MAJI YA KUNYWA NA KUMBUKUMBU ZA UPIMAJI

Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimegonga mwamba. Barua ya kwanza ilipokelewa na kugongwa muhuri, basi. Ya pili ilijibiwa kwa mdomo, kwamba "maji yalishapimwa". Kwenye mkutano mkuu wa wanachama suala la ubora wa maji liliwekwa chini ya "mengineyo", na kikao kikafungwa kabla mengineyo hayajafikiwa.

Hatuna ugomvi na mtu. Mita zinasomwa, makusanyo ya vituo vya kuchotea maji yanapelekwa benki, pampu ikigoma fundi anafika. Hayo mnayafanya na tunayaona. Swali letu ni moja: nani anajua kilichomo kwenye maji yanayotoka bombani leo, na amejuaje?

Kila anayeuliza huelekezwa ukutani. Pale ofisini pametundikwa karatasi ya maabara iliyowekewa fremu, ya kipindi kisima kilipochimbwa. Wino umefifia upande wa dirishani, lakini mstari wa mwisho bado unasomeka: maji yanafaa kwa kunywa. Hatuna shaka na karatasi hiyo. Ila sampuli yake ilichukuliwa kwenye mdomo wa kisima wakati wa kupima wingi wa maji, kabla tangi halijajengwa, kabla bomba halijalazwa, kabla kituo hata kimoja hakijafunguliwa. Inatoa ushahidi juu ya shimo lile, kwa siku ile. Ndoo inayojazwa leo kwenye kituo cha mwisho haimo kwenye ushahidi huo.

Hoja zetu ni hizi.

1. Mdomo wa kisima haujafungwa

Bomba la kesingi, lile linaloshikilia kuta za kisima, linatokeza juu ya sakafu ya nyumba ya pampu kwa kimo kisichofika kiganja. Mfuniko upo, lakini tundu la kupitisha waya wa pampu limezibwa kwa tambara, na tambara lenyewe halikauki. Mjusi anapita, mende wanapita, na mvua kubwa ikipiga, maji yanayosimama sakafuni yana njia iliyonyooka hadi kwenye maji tunayokunywa. Kina cha kisima hapo hakisaidii. Uchafu haukupita ardhini ukachujwa, umeingilia mlangoni.

Nje, zege la kuzunguka kisima limepasuka upande wa chini, mfereji wa kutolea maji umejaa udongo, uzio umelala, na ng'ombe wananyweshwa hapo hapo kwa mpira.

Kurekebisha hakuhitaji mfadhili. Kesingi irefushwe ifike angalau sentimita 30 juu ya sakafu. Mfuniko uwe wa kukazwa kwa bolti, wenye raba chini yake. Tundu la waya liwekewe glandi, ile ya kukaza inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Zege lililopasuka livunjwe na kumwagwa upya likiwa na mteremko wa kusukumia maji nje. Birika la mifugo lijengwe upande wa chini, bomba lipeleke maji kule, badala ya ng'ombe kuletwa kisimani.

Kazi hiyo ikiisha kisima chenyewe lazima kisafishwe kwa klorini, na hapa tunaomba hesabu ifanyike, isikadiriwe kwa jicho. Kesingi ya milimita 150 hubeba karibu lita 17.7 kwa kila mita moja ya maji. Maji yakisimama mita 40 ndani yake, ni kama lita 700. Ili kupata miligramu 100 za klorini kwa lita zinahitajika gramu 70 za klorini, sawa na gramu 108 hivi za HTH, yaani unga wa klorini, wenye nguvu ya asilimia 65. Vituo vyote vifungwe kwanza. Unga uyeyushwe kwenye ndoo ya plastiki, umiminwe kisimani, kisha pampu iwashwe na maji yarudishwe kisimani kwa mpira mpaka harufu ya klorini isikike kwenye mpira. Yalale usiku kucha. Asubuhi yapampwe na kumwagwa, mbali na ziwa na mbali na bustani za watu, hadi harufu iishe. Sampuli ya maabara ichukuliwe baada ya hapo, si kabla.

Kuna suala la vyoo pia. Tangu kisima kichimbwe, nyumba zimeongezeka upande wa juu wa mteremko, na kila nyumba na shimo lake. Mnapoulizwa mnataja mita 30 kati ya choo na kisima. Umbali huo ni kanuni ya jumla, na unategemea udongo wa kuchuja. Ardhi yetu kila mtu anaijua: udongo mwembamba, chini yake granaiti, na maji yanatembea kwenye nyufa za mwamba. Maji machafu yakishaingia kwenye ufa hayachujwi tena, yanasafiri. Halafu ziwa lilipanda kwa kiwango cha kuvunja rekodi mwaka 2020, na tena mwaka 2024, na maji ya chini ya ardhi kandokando ya ziwa hupanda pamoja nalo mpaka kufikia mashimo ya vyoo. Karatasi ya ukutani haijui lolote kati ya hayo.

2. Klorini inawekwa kwa kubahatisha

Hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote, mtuvumilie tukirefusha.

Kwa sasa mhudumu wa pampu hupanda mnara asubuhi na kopo la unga wa HTH, anaumwaga ndani ya tangi, anashuka. Jua likipata nguvu, pampu ya sola inaanza kusukuma; maji mapya yanaingia huku watu wakichota, hadi jioni. Matokeo yake ni kwamba klorini yote hutoka na maji ya asubuhi. Kituo cha kwanza kinalalamika harufu kali. Ikifika saa kumi jioni tangi limeshajazwa maji mapya ambayo hayakuguswa na kitu. Kwa hiyo siku moja, kutoka tangi moja, wapo wanaosema klorini imezidi na wapo wanaokunywa maji yasiyo na klorini kabisa. Nanyi mkasikia wa asubuhi tu, kwa kuwa harufu ndiyo hulalamikiwa. Hakuna anayekuja ofisini kulalamika kwamba maji hayanuki. Kopo likapunguzwa likawa nusu.

Kipimo kinachokubalika kinafahamika. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka klorini huru, yaani ile iliyobaki na nguvu ya kuua vijidudu, ya angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya kukaa na maji si chini ya dakika 30, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa chini ya 8, na isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota. Mahali pa kupimia, basi, ni kituo cha mwisho, na saa ya kupimia ni ya jioni. Kipimo cha asubuhi kwenye tangi kinampendeza mpimaji tu.

Kujua kiasi sahihi ni kazi ya saa moja, na vifaa vyake ni ndoo nne za lita 20, bomba la sindano lisilo na sindano, mizani ya jikoni na kifaa kidogo cha kulinganisha rangi chenye vidonge vya DPD namba 1, vinavyogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi. Yeyusha gramu 15 za HTH ya asilimia 65 hadi 70 kwenye lita moja ya maji. Hiyo ni dawa ya karibu asilimia 1. Jaza ndoo zote nne maji ya kisima yasiyotiwa kitu. Ya kwanza weka mililita 1 ya dawa, ya pili mililita 2, ya tatu 3, ya nne 4. Kila mililita kwenye ndoo ya lita 20 ni sawa na miligramu 0.5 za klorini kwa lita. Koroga, funika, subiri dakika 30, kisha pima. Maji yenyewe hula sehemu ya klorini, na yenye madini ya chuma hula zaidi. Ndoo iliyobakiwa na 0.5 au zaidi kidogo ndiyo inayowapa kiwango cha kuanzia. Pima mara tu baada ya kidonge kuyeyuka, maana rangi ya waridi ikisubirishwa hubadilika. Na mkiona rangi imetokea ikapotea papo hapo, msiandike sifuri: klorini iliyozidi mno huiunguza rangi yenyewe.

Tuseme ndoo ya tatu ndiyo iliyofaa, yaani miligramu 1.5 kwa lita. Tangi letu ni la lita 50,000. Zinahitajika gramu 75 za klorini, ambazo ni gramu 115 za HTH ya asilimia 65. Gramu 115 kwa ndoo 2,500! Kwa wiki nzima, tangi likijazwa mara moja kwa siku, ni gramu 805, kilo haijafika. Mtu akituambia klorini inafilisi mradi, tutamwomba atuonyeshe hesabu hiyo.

Inayobaki ni namna ya kuiingiza. Pipa la plastiki la lita 60 likae kwenye jukwaa la mnara, juu ya mdomo wa bomba linaloingiza maji kwenye tangi. Gramu hizo 115 ziyeyushwe kwenye pipa hilo jioni ya jana yake, dawa ilale, ule unga mweupe utuame chini. Yatumike maji maangavu ya juu tu, maana ule mchanga mweupe ndio unaoziba koki. Pampu ikifanya kazi saa 6, lita 60 zinatakiwa kutoka kwa mwendo wa mililita 167 kwa dakika, karibu kikombe kidogo cha chai. Pima kwa kikombe na saa ya simu. Mpira wa kutolea ufungwe kwenye kielea ili uchote karibu na uso wa dawa, kimo kile kile chini yake, vinginevyo mwendo utakuwa mkubwa pipa likiwa limejaa na wa kusuasua likikaribia kuisha. Koki ifunguliwe pampu ikianza, ifungwe ikisimama. Fedha zikiruhusu, ipo pampu ndogo ya umeme inayounganishwa na pampu kubwa ili ziwake na kuzima pamoja, na hiyo ndiyo bora. Lakini pipa na koki vinatosha kuanza wiki hii.

Koki ikiziba kwa chokaa, huoshwa kwa siki. Lazima kwanza itolewe, isuuzwe kwa maji mengi mpaka isibaki klorini: siki na klorini zikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu. Vilevile, unga hutiwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi juu ya unga.

Na jambo lingine la haraka. Ndoo ya HTH imewekwa chumba kimoja na dumu la dizeli ya jenereta. Unga huo ukigusana na mafuta unaweza kuwaka wenyewe. Hilo halihusu ubora wa maji, linahusu moto, na halingoji kikao.

3. Sampuli hazipelekwi maabara

Kwa skimu ya mabomba inayohudumia watu chini ya 5,000, kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni sampuli 12 kwa mwaka, yaani moja kila mwezi. Sisi hatujaonyeshwa hata moja tangu ile ya kuchimba. Maji ya kunywa, kwa mwongozo huo na kwa kiwango cha taifa cha TZS 789, hayatakiwi kuwa na bakteria wa kinyesi aina ya E. koli hata mmoja katika mililita 100.

Maabara ya ubora wa maji iko Mwanza mjini. Hatuombi sampuli ziende Dar es Salaam. Tunachoomba ni zichukuliwe ipasavyo, kwa sababu sampuli iliyochukuliwa ovyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Chupa iwe ya maabara, iliyotakaswa, yenye dawa ya kuua nguvu ya klorini ndani yake; isisuuzwe, maana dawa hiyo itamwagika. Mpira na kila kilichoning'inizwa kwenye bomba kiondolewe. Bomba la chuma lipitishwe moto, maji yaachwe yatiririke dakika 2 au 3, kisha chupa ijazwe ikiachiwa nafasi kidogo juu, bila kidole kugusa mdomo wake. Kwenye chupa paandikwe kituo, tarehe, saa na kiasi cha klorini kilichopimwa hapo hapo. Isafiri kwenye boksi la baridi, na maabara iipokee ndani ya saa 6 ikiwezekana, na isizidi saa 24. Barafu si tatizo ufukweni kwetu, sangara wanasafiri nayo kila siku. Iwekwe tu kwenye mfuko uliofungwa, isije chupa ikaogelea kwenye maji ya barafu.

Ikumbukwe pia kuwa jibu la E. koli linahitaji karibu siku nzima ya kuotesha. Likitoka, maji yale yameshanyweka. Kwa hiyo klorini ya bombani ndiyo kinga ya leo, na maabara ni ya kuthibitisha kwamba kinga inafanya kazi. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

4. Mabomba yanavuta uchafu

Usiku tangi likikauka, bomba hubaki tupu, na bomba tupu lenye ufa huvuta. Palipo na kidimbwi juu ya ufa huo, kidimbwi huingia. Laini yetu inapita chini ya mtaro wa barabara na pembeni mwa majaruba ya mpunga, na sehemu mbili zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Asubuhi maji ya kwanza hutoka ya udongo, mhudumu wa kituo anayaacha kidogo, yakishapata weupe anaanza kuuza. Weupe huo hausemi kitu kuhusu bakteria.

Bomba likipasuka tunaomba utaratibu huu: valvu ifungwe nusu, isifungwe yote, mpaka shimo lichimbwe na maji yapungue chini ya bomba, ili presha ya ndani izuie tope kuingia, viungo vipya vipanguswe kwa dawa ya klorini ya asilimia 1, bomba lifunguliwe kwenye valvu ya kuoshea hadi maji yawe maangavu, klorini ipimwe kituo cha mbele yake, ndipo watu wachote. Na mipira ya vituoni, ile inayolala kwenye tope ikisubiri dumu linalofuata, ikatwe iwe mifupi isifike chini.

5. Tangi

Mfuniko hauna kufuli, bomba la kufurikia halina wavu, na kinyesi cha ndege kiko juu ya paa la tangi. Wavu, kufuli, na kuoshwa mara mbili kwa mwaka. Hakuna la kujadili hapo.

6. Kemikali zisizoonekana

Floraidi, naitreti na aseniki hazina rangi, hazina harufu, na klorini haizigusi. Kuchemsha ndiyo kabisa: maji yanapungua, kemikali inabaki ile ile, kwa hiyo kila glasi inakuwa nayo zaidi. Visima vya granaiti katika Kanda ya Ziwa vinajulikana kwa floraidi, na mikanda ya miamba yenye dhahabu inaweza kuwa na aseniki. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita kwa floraidi, 50 kwa naitreti na 0.01 kwa aseniki. Naitreti hutoka zaidi kwenye vyoo, samadi na mbolea, ndiyo sababu inapanda kadiri makazi yanavyosogea, na ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Karatasi ya ukutani ina mstari wa floraidi. Ya aseniki haina. Naitreti ilipimwa kabla ya nyumba za juu kujengwa. Tunaomba kipimo kamili cha kemikali mara moja mwisho wa kiangazi na mara moja baada ya masika, maana pampu inapovuta maji ya chini zaidi hufungua nyufa nyingine. Baada ya hapo tutajua mnatakiwa kurudia kila baada ya muda gani.

Tunajua majibu ambayo hutolewa, tuyapitie.

"Maji ni maangavu na matamu." Kweli. Wanaohara hawakuyakuta machungu.

"Hakuna fedha." Tambara kwenye tundu la waya linaondolewa kwa glandi moja. Dumu la dizeli linahamishwa kwa mikono. Daftari linauzwa dukani. Tukimaliza yasiyo na gharama tutakaa pamoja kuzungumzia yenye gharama, na kama itabidi bei ya ndoo iguswe kidogo kwa ajili ya vipimo, leteni hesabu mkutanoni. Wanachama hawajawahi kuulizwa, kwa hiyo haijulikani kama watakataa.

"Watu hawapendi klorini." Watu hawapendi klorini ya asubuhi. Kwa kipimo cha 0.5 wengi hawataigundua. Kama maji yatabadilika rangi kuwa ya kahawia klorini ikianza kuwekwa vizuri, hiyo ni chuma au manganizi iliyokuwemo tangu zamani sasa inaonekana. Dawa yake ni kuyapitisha maji hewani na kuyachuja, na tutawasaidia kulieleza hilo.

"Kupima ni kazi ya wilaya." Wilaya inasaidia na kusimamia. Chombo chenu kimeundwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, ili kitoe huduma, na anayeuza ndoo ndiye wa kwanza kuulizwa kilichomo ndani yake. Kama mliomba wilaya ije kupima na haikuja, tuonyesheni barua ya maombi, tutaisukuma pamoja nanyi.

"Kutangaza kutaleta taharuki, watu watarudi ziwani." Hili tunalichukulia kwa uzito, kwa kuwa ziwani kuna kichocho na kipindupindu na hatutaki mtu arudi huko. Ila watu hukimbia wanapogundua wamefichwa. Tangazo linalosema "sampuli ya jana imekutwa na vijidudu, chemsheni maji mpaka tutakapowaambia, kituo cha mwisho kimetiwa klorini leo" linampa mtu la kufanya.

Kwa hiyo, kwa heshima, tunaomba yafuatayo:

(a) Ndani ya siku 7: dizeli ihamishwe, tundu la waya lizibwe, na klorini ianze kupimwa kila siku saa kumi jioni kwenye kituo cha mwisho.

(b) Ndani ya siku 14: jaribio la ndoo nne lifanyike mbele ya wawakilishi watatu wa watumiaji, na pipa la kudondosha dawa lifungwe mnarani.

(c) Ndani ya siku 30: mdomo wa kisima na zege virekebishwe, kisima na tangi visafishwe kwa klorini, na sampuli ya kwanza ifike maabara. Matokeo yabandikwe kila kituo ndani ya siku moja baada ya kupokelewa, mazuri au mabaya.

(d) Ndani ya siku 90: kipimo kamili cha kemikali, aseniki ikiwemo, ramani ya vyoo vyote vilivyo upande wa juu wa kisima, na sehemu mbili za laini zilizofungwa mpira ziwekwe viungo vipya.

(e) Kwenye mkutano mkuu ujao, ubora wa maji uwe ajenda namba mbili, baada ya kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita.

Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 30, tutakusanya saini za wanachama kuomba mkutano wa dharura kwa mujibu wa katiba ya chombo, na barua hii pamoja na zile mbili za awali itapelekwa ngazi ya mkoa.

Pamoja na nakala iliyoletwa ofisini tumeambatanisha daftari moja na kalamu mbili. Ukurasa wa kwanza tumeshauchora mistari: tarehe, saa, kituo, klorini, jina la aliyepima.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Watumiaji wa maji, vituo vya mwisho wa laini.